Walishinda mara mbili tu, na mji mzima ukalia kwa furaha

KAMA umri wako wakuruhusu kuukumbuka mwaka wa 1993, msomaji mpendwa, basi huhitaji kukumbushwa habari zilizotoka Gabon mwishoni mwa Aprili mwaka huo. Ndege ya jeshi la Zambia iliyokuwa ikiipeleka timu ya taifa ya kandanda Dakar kucheza na Senegal ilianguka baharini mara tu ilipopaa kutoka Libreville. Watu wote 30 waliokuwemo waliangamia, 18 kati yao wakiwa wachezaji. Nahodha Kalusha Bwalya hakuwemo kwa sababu alikuwa akitokea Ulaya. Timu mpya iliundwa haraka haraka, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Tunis, ambako Nigeria iliishinda 2-1.

Wengi wetu tulidhani kisa kama hicho hakina mfano. La hasha. Zaidi ya miaka 22 kabla ya hapo, katika mji wa kando ya mto huko Marekani, chuo kimoja kiliipoteza timu yake karibu yote kwa usiku mmoja. Tofauti ni kwamba Zambia walikuwa na nchi nzima ya kuchagua wachezaji. Chuo hiki kilikuwa na wanafunzi wake tu, na wengi wao hata ndevu hazijakomaa.

Chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Marshall, mjini Huntington, jimbo la West Virginia, ukingoni mwa Mto Ohio. Kisa chenyewe ni cha msimu mmoja wa kandanda ya Kimarekani, yaani msimu wa 1971. Ukitazama matokeo peke yake, utadhani ni msimu wa aibu: mechi kumi, ushindi mbili, vichapo vinane. Nakuomba usifunge ukurasa bado.

Kwanza, mchezo wenyewe

Najua kuna msomaji anayeuliza, kandanda gani hiyo inayochezwa kwa mikono? Swali zuri. Kandanda ya Kimarekani ni binamu wa raga kuliko ya soka tunayoijua. Mpira ni wa umbo la yai, na kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100 kutoka mstari wa mwisho mmoja hadi mwingine, yaani mita 91 hivi. Wenye mpira hupewa majaribio manne kusonga mbele yadi kumi. Wakifaulu hupewa mengine manne, wakishindwa mpira huenda kwa wapinzani.

Tofauti kubwa na raga ni kwamba hapa unaruhusiwa kuurusha mpira mbele, mara moja katika kila jaribio. Mwenye kazi hiyo aghalabu ni kijana mmoja anayeitwa kwotabaki, na ndiye anayeongoza mashambulizi yote. Anayeufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani amepata tachidauni, ambayo ni pointi sita, na timu yake hupewa nafasi ya kupiga mkwaju wa pointi moja ya ziada. Wanaoshindwa kufika huko wanaweza kuupiga mpira upite katikati ya milingoti, nao hupata pointi tatu. Zikumbuke hesabu hizo, maana tutazihitaji baadaye.

(Wapenzi wa raga hapa nyumbani watakumbuka kwamba Mkenya Daniel Adongo aliuacha mchezo huo na mwaka wa 2013 akajiunga na timu ya kulipwa ya Indianapolis Colts. Kwa hivyo mchezo huu si mgeni kabisa kwetu.)

Jambo jingine unalopaswa kulijua ni kwamba kule Marekani kandanda ya vyuo si mchezo wa wanafunzi tu. Ni mali ya mji. Mwenye duka, daktari, kinyozi na mchungaji wote huwa uwanjani Jumamosi mchana. Mji usio na timu ya kulipwa, kama Huntington, huitegemea timu ya chuo kwa furaha yake na kwa huzuni yake.

Na kwa Marshall, huzuni ilikuwa nyingi hata kabla ya msiba. Timu yao, iliyojulikana kama Thundering Herd, yaani kundi la nyati linalokimbia kwa kishindo cha radi, ilikuwa imecheza mechi 27 mfululizo bila ushindi, hadi ilipoishinda Bowling Green mwaka wa 1969. Mwaka huo huo wa 1969 chuo kilisimamishwa katika ligi yake kwa kuvunja kanuni za kuwasajili wachezaji. Kocha mpya, Rick Tolley, kijana wa miaka 30, ndiye aliyepewa kazi ya kusafisha nyumba. Alikuwa ameanza kuiona nuru.

Usiku wa mvua

Jumamosi ya Novemba 14, 1970, Marshall ilicheza na East Carolina huko Greenville, North Carolina. Ilishindwa 17-14. Ni pointi tatu tu, na bila shaka vijana walipanda ndege wakinung'unika juu ya nafasi walizozipoteza, kama wafanyavyo vijana wote wanaotoka kushindwa.

Timu hiyo haikuwa na mazoea ya kusafiri kwa ndege. Vyuo vingi ilivyocheza navyo vilikuwa karibu, mwendo wa basi. Safari hii ilikuwa ndefu, kwa hiyo ikakodishwa ndege aina ya DC-9. Pamoja na wachezaji na makocha walipanda pia watu wa mji waliokuwa wakiichangia timu fedha na moyo, baadhi yao wakiwa mume na mke. Miongoni mwao walikuwemo madaktari, diwani wa mji na mwakilishi wa bunge la jimbo.

Huntington kulikuwa na mvua na ukungu. Uwanja wa ndege wa huko umejengwa juu ya kilima, na wakati huo haukuwa na mtambo wa kumwonyesha rubani kama anashuka kwa mteremko unaofaa. Saa moja na dakika 36 za usiku, ndege ilikata vilele vya miti juu ya kilima, ikaanguka na kuwaka moto. Ilikuwa imebakisha chini ya kilomita mbili kuifikia njia ya kutua.

Watu wote 75 waliokuwemo walikufa. Walikuwa wachezaji 37, watu wanane wa benchi la ufundi akiwemo Tolley, wafadhili na mashabiki 25, na watu watano wa ndege. Wachunguzi wa serikali walisema baadaye kwamba ndege ilishuka chini ya kiwango kilichoruhusiwa kabla ya marubani kuiona njia ya kutua. Kwa nini ilishuka hivyo, hawakuweza kusema kwa hakika. Huenda marubani hawakuvisoma vipimo inavyostahili, huenda kipimo chenyewe cha urefu kilikuwa na hitilafu.

Watoto 70 walimpoteza mzazi mmoja au wote wawili usiku huo. Kumi na wanane kati yao walibaki yatima kabisa. Fikiria, wewe unayesoma gazeti hili huku wanao wakicheza sebuleni, mji ambao watoto walilala kwa yaya Jumamosi usiku wakiahidiwa kwamba baba na mama watakuwa wamerudi kabla ya kulala.

Wachezaji sita hawakuweza kutambuliwa mmoja mmoja. Walizikwa pamoja katika makaburi ya Spring Hill, juu ya kilima kinachotazamana na chuo.

Waliosalia

Ajali haina kinga, lakini wakati mwingine ina mianya ya ajabu. Kocha msaidizi Red Dawson hakurudi kwa ndege kwa sababu alikuwa na kazi ya kwenda kwa gari kumtafuta mchezaji mpya katika jimbo la Virginia. Mwenzake, Gale Parker, alikwenda Greenville kwa ndege lakini akabadilishana nafasi na kocha mwingine, Deke Brackett, ili amsindikize Dawson barabarani. Brackett akapanda ndege. Dawson na Parker walizisikia habari kwenye redio.

Nate Ruffin, mchezaji wa ulinzi, aliachwa nyumbani kwa sababu ya jeraha. Mwingine alikuwa amekwenda kwao Texas kumzika babake. Hebu tafakari jambo hilo kidogo, msomaji: kijana anatoka kwenye mazishi ya baba na kukuta mazishi ya wenzake wote.

Na kulikuwa na kundi jingine lililonusurika kwa sababu ya kanuni. Wakati huo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa na chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kuichezea timu kubwa ya chuo. Walikuwa na timu yao ndogo na mechi zao chache. Kwa hivyo vijana wa mwaka wa kwanza wa Marshall, waliokuwa wakilalamika kwamba wanabaniwa, hawakuwemo ndani ya ndege. Miongoni mwao alikuwemo kwotabaki mmoja kutoka Alabama aliyeitwa Reggie Oliver. Vijana hao ndio waliokwenda kwenye mazishi kila siku wiki nzima, wakiwabeba wenzao waliokuwa wakiwaiga.

Je, timu ivunjwe?

Mechi iliyobaki ya msimu ilifutwa. Halafu likaja swali ambalo lingemkabili mkuu yeyote wa chuo: je, tuendelee?

Usidhani jibu lilikuwa rahisi. Wapo waliosema kuurudisha mchezo upesi hivyo ni kama kucheza ngoma kwenye matanga. Mzazi aliyempoteza mwanawe angejisikiaje kuiona jezi yake ya kijani imevaliwa na mtoto wa mtu mwingine miezi kumi baadaye? Tena, timu yenyewe ingetoka wapi? Katika mchezo huu kijana wa miaka 18 akikutana na mtu mzima wa miaka 22 aliyejengeka mwili, anaweza kuumia vibaya. Nakiri kwamba kama ningekuwa kikaoni siku hizo, huenda ningepiga kura ya kungoja mwaka mmoja.

Lakini wachezaji waliosalia, Ruffin akiwa mbele, walitaka kucheza. Kaimu mkuu wa chuo, Donald Dedmon, aliamua mchezo uendelee. Chuo kikaomba ruhusa maalum kutoka kwa NCAA ili wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza wa 1971 waruhusiwe kuichezea timu kubwa. Ruhusa ikatolewa. Bila hiyo, hesabu ya wachezaji isingetimia.

Kumpata kocha nako kulikuwa shida. Mmoja aliyekubali kazi alibadili nia baada ya siku chache akarudi alikotoka. Ni nani angemlaumu? Hatimaye, Machi 1971, akaajiriwa Jack Lengyel kutoka chuo kidogo cha Wooster, jimbo la Ohio. Yeye aliiomba kazi hiyo mwenyewe. Dawson naye, aliyekuwa amewazika wachezaji aliowasajili kwa mkono wake, alikubali kubaki msimu mmoja kumsaidia. Msimu ulipokwisha aliondoka kwenye ukocha, asirudi tena.

Lengyel alikuta nini? Wanafunzi waliokuwa mwaka wa kwanza na sasa wako wa pili, wachache waliosalia wa timu kubwa, vijana waliotoka sekondari juzi, na wengine waliojitolea kutoka michezo mingine ya chuo. Mpiga mikwaju wake, Blake Smith, alitoka kwenye soka. Ndiyo, soka hii hii yetu. Watu wakaanza kuwaita Young Thundering Herd, maana yake ndama wa kundi lile la nyati.

Hapo ndipo msaada ulipotoka mahali ambapo hapakutarajiwa. West Virginia ni jimbo dogo lenye vyuo vikuu viwili vikubwa vinavyotazamana kwa jicho la kijicho, Marshall na Chuo Kikuu cha West Virginia. Kocha wa West Virginia wakati huo alikuwa Bobby Bowden, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa makocha mashuhuri kabisa wa mchezo huo. Wachezaji wake waliwahi kuchora misalaba ya kijani na herufi MU kwenye kofia zao ili kuwakumbuka wenzao wa Marshall. Sasa Bowden alimfungulia Lengyel milango. Alimwonyesha filamu na mipango ya mbinu yake ya mashambulizi, siri ambazo kocha hulala nazo chini ya mto.

Mbinu hiyo iliitwa veer, na inafaa kuielewa kwa sababu iliwafaa wanyonge. Katika mbinu za kawaida, timu yenye miili mikubwa humsukuma mpinzani na kupita juu yake. Marshall hawakuwa na miili. Katika veer, kwotabaki hukimbia kando ya ukuta wa ulinzi akiwa na mpira, akimtazama mlinzi mmoja tu. Mlinzi huyo akimvamia mwenzake, kwotabaki hubaki na mpira. Akimvamia kwotabaki, mpira hupewa au hutupiwa mwenzake. Nguvu si kitu sana. Kinachotakiwa ni kasi, na kijana mwenye macho ya kuamua kufumba na kufumbua. Reggie Oliver alikuwa nayo macho hayo.

Jumamosi ya Septemba

Mechi ya kwanza ya msimu ilikuwa Septemba 18, 1971, ugenini kwa Morehead State. Marshall ilishindwa 29-6. Hakuna aliyeshangaa, na wengi walifurahi tu kwamba kikosi kimeingia uwanjani na kutoka kikiwa kizima.

Wiki moja baadaye, Septemba 25, ikawa zamu ya kucheza nyumbani kwa mara ya kwanza tangu msiba. Wageni walikuwa Xavier, chuo cha Wakatoliki kutoka Cincinnati. Uwanja wa Fairfield ulikuwa wa zamani, katikati ya makazi ya watu. Walioketi humo walikuwa wajane, wazazi, walimu, na watoto waliokuja na babu zao badala ya baba zao.

Blake Smith, yule kijana wa soka, ndiye aliyefungua mabao kwa mkwaju wa pointi tatu. Xavier wakajibu kwa tachidauni: 6-3. Oliver akaingia na mpira mwenyewe, Marshall wakawa mbele 9-6. Mkwaju wa pointi ya ziada haukufaulu. Xavier wakapata tachidauni ya pili na pointi yake moja: 13-9.

Dakika zikaanza kuyoyoma. Sasa fanya hesabu, msomaji. Wakiwa nyuma kwa pointi nne, mkwaju wa pointi tatu haungewafaa kitu. Ilikuwa tachidauni au kurudi nyumbani. Vijana wakausogeza mpira yadi kwa yadi, saa ikiwafukuza, hadi wakafika yadi 13 kutoka mstarini. Sekunde zilizobaki zilitosha jaribio moja tu.

Makocha wakachagua hila. Oliver angechukua mpira na kukimbilia upande wa kulia, akiwavuta walinzi wamfuate, kisha auzungushe kwa kuurusha kushoto alikokuwa akingoja Terry Gardner. Hila ya namna hiyo ikigunduliwa mapema, basi tena. Haikugunduliwa. Walinzi wa Xavier walimfuata Oliver kama kuku wanaofuata mtama. Akageuka, akarusha. Gardner akaudaka, Jack Crabtree akamwondoa mlinzi aliyekuwa akija, na njia ikawa nyeupe. Gardner alivuka mstari akiwa hajaguswa, na saa ilikuwa imekwisha.

15-13. Tatu, sita na sita.

Waliokuwepo wanasimulia kwamba watu walimiminika uwanjani wasijue kama wanacheka au wanalia. Wachezaji wenyewe walilia. Mashabiki hawakutaka kwenda nyumbani. Muda mrefu baada ya wachezaji kuoga na kubadili nguo, watu walikuwa bado wamesimama kwenye nyasi wakizungumza, kana kwamba wakiondoka jambo lenyewe litafutika.

Mara nyingi katika hadithi za michezo mwandishi huishia hapo, na filamu iliyotengenezwa Hollywood mwaka wa 2006 kuhusu timu hii, Matthew McConaughey akiigiza kama Lengyel, nayo ilikifanya kilele chake kuwa mechi hiyo. Mimi naona kilichofuata ndicho kinachostahili heshima zaidi, ingawa hakina wa kukipigia makofi.

Maana wiki moja tu baadaye, Miami ya Ohio iliwaramba 66-6. Sitini na sita! Vijana wale wale waliobebwa mabegani Jumamosi walitupwa chini Jumamosi iliyofuata. Wakafungwa tena, na tena, mara kadhaa bila kupata hata pointi moja. Ratiba haikuwaonea huruma. Miongoni mwa waliowachapa walikuwa Toledo, timu ambayo katika miaka hiyo ilishinda mechi 35 mfululizo. Kila Jumatatu Lengyel alilazimika kuwainua wachezaji wenye majeraha, wanafunzi wenye masomo na mitihani kama wengine, na kuwapeleka mazoezini wakijua wazi kwamba Jumamosi watapigwa tena.

Ni mara moja tu tena waliposhinda. Oktoba 30, 1971, siku ambayo chuo huwakaribisha wanafunzi wake wa zamani, waliishinda Bowling Green 12-10. Ushindi huo hausemwi sana, lakini mtu anayeujua mchezo atakuambia ulikuwa mgumu kuliko ule wa Xavier, kwa sababu Bowling Green ilikuwa timu yenye nguvu, na hapakuwa tena na mshangao wa mara ya kwanza wa kuwasaidia.

Msimu ukaisha. Mbili kwa nane.

Miaka ya ukame

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Hayakwenda. Marshall ilishindwa na kushindwa katika miaka yote ya sabini. Lengyel aliondoka baada ya msimu wa 1974, na baadaye akawa mkurugenzi wa michezo wa chuo cha jeshi la wanamaji la Marekani. Watoto waliokuwa wachanga siku ya ajali walikuwa wamefika darasa la saba timu ilipopata kwa mara ya kwanza msimu wenye ushindi mwingi kuliko vichapo. Mwaka huo ulikuwa 1984. Mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa 1964.

Baada ya hapo, mlango ulifunguka. Mwaka wa 1992 Marshall ilitwaa ubingwa wa taifa wa daraja la pili la vyuo kwa kuishinda Youngstown State 31-28. Mwaka wa 1996, ikiwa na mdakaji hatari aliyeitwa Randy Moss, ilishinda mechi zake zote 15 na kuchukua ubingwa tena. Ikapanda daraja la juu, na mwaka wa 1999 ikamaliza msimu mzima bila kushindwa, mechi 13. Katika muongo huo wa tisini, Marshall ilishinda mechi 114, na hakuna timu nyingine ya daraja lake iliyoifikia.

Na Xavier, wale waliolizwa kwa yadi 13? Chuo hicho kiliufunga mchezo huo kabisa baada ya msimu wa 1973. Leo kinajulikana kwa mpira wa vikapu.

Nate Ruffin, nahodha wa msimu ule wa 1971, alifariki mwaka wa 2001 kwa saratani ya damu. Alizikwa Spring Hill, kando ya wale wenzake sita wasiotambuliwa. Reggie Oliver alifariki mwaka wa 2018.

Katikati ya chuo kuna chemchemi ya shaba iliyobuniwa na mchongaji Harry Bertoia na kuzinduliwa Novemba 12, 1972. Maji yake huruka kuelekea juu. Kila Novemba 14 wanafunzi, wazee wa mji na jamaa za waliokufa hukusanyika hapo. Wengi wa wanafunzi hao walizaliwa miongo mingi baada ya ajali. Majina yote 75 husomwa na shada la maua huwekwa. Kisha maji hufungwa. Kwa dakika chache watu husimama wakiisikiliza kimya ile chemchemi isiyovuma, halafu hutawanyika kwenda madarasani. Maji hayafunguliwi tena hadi baridi ipungue na miti ya chuo ianze kuchipua.